Kujiamini kwa Napoleon Hill na bei ya plato ya mayai

Wenzangu, kitabu cha Napoleon Hill, Think and Grow Rich, kinazunguka kati yetu kwa Kifaransa, "Réfléchissez et devenez riche", PDF ya simu kwa simu. Kilitoka Marekani mwaka 1937, wakati uchumi wa kule ulikuwa bado umeanguka, na nafikiri njo maana kiliuzika: mtu aliyepoteza kazi alihitaji kwanza kusikia kwamba yeye bado ni mtu. Sisi wa Lubumbashi wenye lisanse na bila kazi tunamwelewa haraka sana.

Mimi nataka nikipime kwa jambo moja tu: kinatufundisha kujiamini namna gani? Hill anatoa fomula ya kujiamini yenye pointi 5, unaandika, unatia saini, unakariri. Tena anasema andika kiasi cha pesa unachotaka na tarehe yake, halafu usome kwa sauti mara 2 kwa siku, usiku mbele ya kulala na asubuhi ukiamka. Sicheki. Kuna watu waliambiwa wanyamaze tangu shule ya msingi, na kwao kusema "ninaweza" kwa sauti si kitu kidogo. Ila sauti hiyo inaishia mlangoni. Ukifika sokoni na mama mmoja akuulize, "Eh injeniere, plato ni ngapi?", pale ndipo tutaona.

Chukua kuku 100 wa mayai. Kila mmoja anakula karibu gramu 120 kwa siku, yaani kilo 12 kwa wote. Wakitaga vizuri, tuseme mayai 80. Kilo ya chakula ikiwa senti 60 za dola (weka bei ya kwako), ni dola 7 na senti 20 kwa siku, senti 9 kwa yai, dola 2 na senti 70 kwa plato ya mayai 30. Bado. Mbele ya yai la kwanza kila kuku amekwisha kula karibu kilo 7 bila kutoa kitu. Bado kifaranga chenyewe, chanjo, maranda ya chini, wale waliokufa, na wewe unayeamka alfajiri. Mwenye hesabu hii mkononi hatetemeki akitaja bei. Asiyekuwa nayo, hata akariri fomula mpaka koo likauke, ataambiwa "wee ni ndugu yetu" na atashuka mpaka dola 2 na nusu. Hapo yeye ndiye analipa ili watu wale mayai yake!

Na shauri letu ni vilevile. Mtu anakuita shambani, mahindi hayakui, mbolea ameshatia. Unapima udongo, unakuta asidi ni nyingi, unamwambia atie kwanza chokaa. Msimu wake unapona, wewe unapewa Fanta. Halafu tunaita hiyo unyenyekevu.

Ajabu ni kwamba kitabu chenyewe kina jibu, lakini Hill analipita. Mwanzoni anasimulia Edwin Barnes, aliyekwenda kwa Thomas Edison bila franga, akitaka kuwa mshiriki wake. Hill anasema kilichomfikisha ni hamu. Mimi nasoma kitu kingine: Barnes alikubali kazi ndogo, akakaa pale muda mrefu, na mashine ya kurekodi sauti ilipotokea, wauzaji wa Edison hawakuitaka, yeye akaona atauza, na akauza. Alijiamini kwa sababu aliijua nyumba ile na bidhaa zake. (Habari ya Andrew Carnegie kumpa Hill siri ya utajiri, ninaiacha. Carnegie alikufa 1919, na kwa jambo hilo tuna neno la Hill peke yake.)

Kwa hiyo mwenye haraka aruke kurasa za kukariri. Aende kwenye sura ya mipango, pale Hill anapoongea juu ya kuuza huduma yako: ubora, wingi na roho ya kushirikiana. Kisha sura ya watu kuunganisha akili zao. Ile kwetu inafanana na likelemba, na hapo nina pendekezo: siku ya kukutana, mbele ya kupokea makuta, kila mmoja aseme wazi kitu anachouza kinamgharimu ngapi na anakiuza ngapi. Kwa franga na senti, wengine wakisikia.