Mistari Ubaoni

Wapo walimu wanaoingiza hip-hop darasani kama peremende: wimbo unapigwa dakika tatu, watoto wanachangamka, spika inazimwa, kisha somo linaanza. Hao siwasifu. Ninaowavulia kofia ni wale wanaomfanya mwanafunzi atunge mistari yake mwenyewe, aichane mbele ya wenzake, na akosolewe hadharani.

Chukua mada ya usanisinuru. Mwanafunzi anaweza kukariri aya nzima ya kitabu bila kuelewa lolote, na mtihani ukampa alama zake. Mwambie aitungie mstari. Ataandika, tuseme: “Jani lapokea jua, hewa chafu lavuta.” Mwenzake mwenye sikio atashtuka: kipande cha kwanza kina mizani nane, cha pili saba. Mstari unachechemea. Wakiwa wanaisaka silabi iliyopotea, mwalimu anauliza: hewa chafu ipi hiyo? Moshi wa daladala? Vumbi? Wanarudi kwenye daftari, wanabishana, wanakuja na “hewa ukaa lavuta”. Mizani imetimia na sayansi imenyooka. Aliyekariri aya hajawahi kulazimika kuchagua neno; huyu amelazimika, na alipolichagua ndipo alipoelewa.

Kwenye biti sheria hulegea upande mmoja na kukaza upande mwingine. Mshairi wa mapokeo huhesabu silabi. Mchanaji huhesabu mapigo, manne kwa kila baa, na ndani ya hayo manne ana hiari ya kurundika silabi au kunyamaza. Lakini mdundo haumsubiri. Kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, baa moja haifiki sekunde tatu, na neno lililowekwa kujazia nafasi hujianika lenyewe. Vina navyo vinataka vitue panapostahili. (Kwa wapenda sadfa: mshororo wa kawaida una mizani 16, na vesi ya kawaida ya hip-hop ina baa 16.)

New York wamelijaribu hili kwa somo la sayansi. Christopher Emdin, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Columbia, alishirikiana na mchanaji GZA wa kundi la Wu-Tang Clan kuanzisha mashindano ambamo wanafunzi wa sekondari za umma walishindana kuchana kuhusu sayansi. Mji huo unastahili. Ile sherehe ya Bronx, humo humo New York, ya tarehe 11 Agosti 1973, inayotajwa kuwa ndiyo kuzaliwa kwa hip-hop, DJ Kool Herc akiwa kwenye santuri, iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell, aliyekuwa anatafuta pesa za nguo mpya za kuendea shule.

Huku kwetu Tanzania, atakayesema huu ni uhuni ulioletwa na redio basi amesahau ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha, mshairi Mathias Mnyampala alizitumia tungo hizo za majibizano kufundishia siasa ya Ujamaa, na watoto wa shule wakasimama mistarini kuzighani mbele ya wageni rasmi. Sasa sikiliza “Ndio Mzee” ya mchanaji Professor Jay: mgombea anaahidi yasiyowezekana, umati unaitikia. Mwalimu wa fasihi anayehangaika kueleza kejeli hahitaji mfano mwingine. Na kejeli ikazaa kejeli yake: mwaka 2015 mtunzi mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi.

Matusi yamo katika baadhi ya nyimbo, nani asiyejua. Mwalimu huchagua, kama anavyochagua hadithi.

Kazi ngumu iko kwingine. Ufundi huu unamtaka mwalimu akubali kwamba kuna mtoto wa dawati la nyuma anayemzidi kwa vina, pengine yule yule anayeitwa mtoro, na bado abaki na mamlaka ya kusema: kina chako ni kizuri, lakini ulichokisema si kweli, kaandike upya. Asijifanye kijana, watoto humbaini mtu mzima anayeigiza misimu yao kabla hajamaliza sentensi. Wala asisifie kila mstari kwa kuwa tu umetungwa na mtoto. Makundi ya wachanaji mitaani hayana huruma hiyo: aliyeyumba nje ya mdundo huzomewa, akarudi kesho yake amejifua. Darasa linaweza kuazima ukali huo bila kuazima zomeazomea.

Mwalimu unayesoma hapa, usingoje spika wala umeme. Dawati lina sauti ya kutosha, na daima yupo mmoja anayejua kupiga mdundo kwa mdomo. Chagua mada moja uliyoichoka kuifundisha, wape baa nne tu, na uwe mkali kwa ukweli wa kila neno.