Rungwa: Tangazo Kwanza, Mpango Baadaye

Katika makaratasi ya serikali, Pori la Akiba la Rungwa lina umri mkubwa kuliko kijiji cha Rungwa, wilayani Manyoni. Mwaka 1910 Wajerumani walitenga eneo la kuhifadhi wanyama la Mto Saba. Mwaka 1946 Waingereza wakalipa jina la Rungwa. Vijiji vya Tanzania Bara vilianza kuandikishwa rasmi kwa sheria ya mwaka 1975, katika miaka ya operesheni za vijiji. Wakimbu, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wakirina asali na kuwinda katika misitu hiyo tangu kabla ya tarehe zote hizo, lakini mbele ya sheria pori lilikitangulia kijiji kwa zaidi ya miaka 60.

Mfuatano huo unaeleza mengi kuliko ule ubishi wa kila mwaka kati ya askari wa wanyamapori na wafugaji. Serikali Kuu inapoongoza matumizi ya ardhi na hifadhi ya mazingira hutumia zana tatu. Ya kwanza ni hadhi: kulitangaza eneo kuwa pori la akiba, hifadhi ya taifa au msitu wa hifadhi. Ya pili ni mpango: kuamua shamba liwe wapi, malisho wapi, makazi wapi. Ya tatu ni kibali: kuukagua mradi kabla haujajengwa. Kila zana ina sheria yake na ofisi yake. Huku Itigi na Rungwa hadhi ilifika kwanza, kibali na mpango vikachelewa kwa karibu karne nzima, na kuchelewa huko ndiko kulikoamua nani abebe gharama.

Hadhi: kalamu yenye nguvu

Tazama jinsi ramani ilivyochorwa. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ya Rungwa ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Baadaye likatangazwa Pori la Akiba la Kizigo, na mwaka 1994 likafuata Muhesi. Rungwa peke yake lina takriban kilomita za mraba 9,000. Mapori yote matatu yanafikia kama 17,000, eneo linalokaribia ukubwa wa nchi ya Eswatini. Ukiyaunganisha na Ruaha na maeneo jirani unapata mfumo ikolojia unaozidi kilomita za mraba 45,000.

Kazi hiyo yote ilifanywa kwa Tangazo la Serikali. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, Rais ndiye mwenye mamlaka ya kutangaza pori la akiba, baada ya kushauriana na mamlaka za serikali za mitaa. Kurasa chache za Gazeti la Serikali zinatosha kubadili kilicho halali katika maelfu ya kilomita: kuchunga humo kunakuwa kosa, na kuwinda kunahitaji leseni na kitalu. Tangu mwaka 2016 kazi ya kulinda mapori hayo iko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, huku Ruaha ikiwa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na misitu ya hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Sababu ya Dodoma kuyang'ang'ania maeneo haya haiishii kwa simba na tembo. Maji ya Mto Kizigo huelekea Bwawa la Mtera, na maji ya Mtera ndiyo yanayoteremka kuzalisha umeme Kidatu. Upande wa magharibi, Mto Rungwa unalisha Ziwa Rukwa. Mtu wa Dar es Salaam anayewasha taa ana maslahi katika vichaka vya Manyoni hata kama hajawahi kufika huko. Maslahi ya namna hiyo hayawezi kulindwa na halmashauri moja ya wilaya, na hapo hoja ya Serikali Kuu kushika usukani ina uzito.

Lakini tangazo lina upofu wake. Sensa ya anga ya mwaka 2009 ilikadiria tembo zaidi ya 34,000 katika mfumo wa Ruaha na Rungwa. Mwaka 2013 makadirio yalishuka hadi kama 20,000. Sensa ya mwaka 2014 ikaleta takwimu ya kama 8,200, ikazua ubishi, na hesabu iliyorudiwa mwaka 2015 ikapata zaidi ya 15,000. Wataalamu wanaweza kubishana kuhusu mbinu za kuhesabu, ila mwelekeo ulikuwa wazi: ujangili uliingia ndani ya mipaka ambayo haikuwa imesogea. Hadhi inakwambia nani ni mhalifu. Haikupi jicho la jirani anayeona gari geni likiingia porini usiku.

Mpango: kugawa kilichobaki

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ilitungwa mwaka 2007. Inaweka ngazi: mpango wa taifa, wa wilaya, wa kijiji. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi inaongoza kutoka juu, na Mpango wa Taifa wa Matumizi ya Ardhi ulioandaliwa unahusu miaka 2013 hadi 2033. Chini kabisa, timu ya wataalamu wa wilaya hukaa na kijiji, hukagua mipaka na majirani, huchora matumizi yaliyopo, kisha mkutano mkuu wa kijiji hupitisha mgawanyo: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu wa kijiji.

Kwa maandishi utaratibu huu ni mzuri sana. Tatizo ni pesa na wakati. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na hadi miaka ya karibuni vilivyokuwa na mpango havikufika nusu. Mara nyingi kazi husubiri mfadhili au mradi. Na kijiji cha kando ya pori kinapokaa kupanga, upande mmoja wa ramani umeshafungwa. Hakipangi ardhi yake yote ya asili. Kinagawana iliyobaki, wakati ng'ombe na wahamiaji wanaotafuta mashamba wanaongezeka kila msimu.

Sheria za mwaka 1999 ziliongeza ugumu. Sheria ya Ardhi ilipotungwa iliihesabu ardhi ya kijiji isiyotumika kuwa ardhi ya jumla; Sheria ya Ardhi ya Vijiji haikusema hivyo. Kijiji kinachoacha msitu wake upumzike kinaweza kuonekana hakiutumii. Tena, mkutano mkuu wa kijiji una kauli ya mwisho pale tu ardhi inayotakiwa kuhamishwa haizidi hekta 250. Ikizidi hapo, wanakijiji hutoa mapendekezo na waziri ndiye anayeamua. Hekta 250 ni kilomita za mraba mbili na nusu, na ni nadra pori kupanuliwa kwa kipimo kidogo namna hiyo.

Kibali: kinaona trekta, hakioni jembe

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilileta sharti la tathmini ya athari kwa mazingira, na kazi ya kuipitia ikapewa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Kwa barabara inayotoka Mkiwa kupitia Itigi na Rungwa kwenda Makongolosi na Mbeya, zana hii inafaa. Inaweza kuuliza wanyama watavuka wapi, kokoto zitachimbwa wapi, na kambi ya mkandarasi itaacha nini.

Lakini vichaka vya Itigi havipotei kwa mradi mmoja. Uoto huo mnene, ambao nje ya Tanzania hupatikana kaskazini mwa Zambia tu, umekatwa kwa mashamba madogomadogo, mkaa na kuni. Hakuna shamba la ekari tatu linalofikia kiwango cha kudaiwa cheti cha mazingira. Maelfu kwa maelfu ya mashamba ya ekari tatu yanaweza kuufuta uoto mzima bila fomu hata moja kujazwa. Pengo hilo lingezibwa na mpango wa kijiji, ambao ndio zana dhaifu kuliko zote.

Wengine wanafanyaje

Katika nchi za shirikisho Serikali Kuu hainyimwi sauti, ila inazungumza kwa namna nyingine. Ujerumani ilitunga sheria ya shirikisho ya mpangilio wa nchi mwaka 1965. Shirikisho huweka kanuni, majimbo hutengeneza mipango ya maeneo yao, na manispaa hupanga ardhi yao. Msingi wake ni wa pande mbili: mpango wa chini lazima uendane na wa juu, na wa juu lazima uzingatie hali ya chini tangu unapoandaliwa.

Tanzania si shirikisho, ingawa mazingira hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano na Zanzibar ina sheria yake. Kwa Bara, mamlaka yako Dodoma. Hata hivyo sharti la pande mbili halihitaji shirikisho. Linahitaji tangazo lisitoke kabla mpango wa upande wa pili wa mpaka haujakaa mezani.

Gharama ya kupuuza hilo ilionekana kwa majirani wa kusini. Tangazo Na. 28 la mwaka 2008 liliingiza eneo la Usangu ndani ya Hifadhi ya Ruaha, likawakuta wakulima na wafugaji wa wilaya ya Mbarali. Ilifuata miaka 15 ya mvutano hadi Tangazo Na. 754 la mwaka 2023 likarekebisha mipaka. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilisimamisha fedha za mradi wa utalii wa kusini, REGROW, kufuatia malalamiko ya wananchi wa Ruaha. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Rais Magufuli alikuwa ameagiza vijiji vilivyomo hifadhini visiondolewe kiholela, na kamati ya mawaziri wa kisekta ikapitia migogoro ya vijiji 975. Kuvipitia vijiji vyote hivyo baada ya mgogoro ni kazi nzito kuliko kuvipangia kabla.

Kwa Rungwa njia ipo ndani ya sheria zilizopo. Sheria inaruhusu vijiji vinavyotumia rasilimali moja kupanga pamoja, kwa hiyo vijiji vya mpakani vipangwe kwa mkupuo, TAWA na TFS wakiwa mezani, vigingi vikiwekwa mbele ya wazee wa pande zote. Fedha nazo zina pa kuanzia. Kwa utaratibu wa miaka mingi, asilimia 25 ya ada za wanyama wanaowindwa hurejeshwa kwa halmashauri za wilaya. Sehemu ya pesa hiyo ikilipia mipango na hatimiliki za kimila katika vijiji vinavyopakana na vitalu, kijiji kitakuwa na karatasi ya kukinga malisho yake na sababu ya kuulinda mpaka. Na kama kesho litapendekezwa tangazo jipya la kupandisha hadhi au kumega eneo, diwani wa Rungwa aulize kwanza mipango ya vijiji vilivyo upande wa pili wa mpaka iko wapi. Kama haipo, tangazo lisubiri.