Dau la Mnyonge Katika Delta

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni hapa Kibiti, na kwa miaka mingi niliuamini bila kuuliza dau hilo linakwenda katika maji gani. Makala haya ni uhakiki wa mchezo wa vita vya meli ambao niliubuni mwenyewe, na wa sinema moja iliyochangia niubuni vibaya. Nitasema waziwazi penye kosa, kwa kuwa mkosaji ni mimi.

Nilipostaafu ualimu nilitafuta jambo la kuwakalisha watoto wa ukoo barazani wakati wa likizo. Nilichukua kadibodi la boksi la sabuni, nikachora delta ya Rufiji pamoja na midomo yake: Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni, Msala. Maji marefu niliyapaka buluu, maji mafupi manjano, mikoko kijani. Vizibo vya soda vikawa meli. Kila meli niliiandikia kadi yake: idadi ya mizinga, kasi, kina cha maji inachohitaji, na chini kabisa thamani yake kwa pointi. Baada ya kila zamu tatu maji hujaa au hupwa. Mchezaji hupewa pointi 25 akanunue meli anazotaka, kisha dadu huamua makombora yameangukia wapi.

Habari yenyewe wengi wetu tumeisikia kwa wazee. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Vita vilipoanza iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, tarehe 6 Agosti, na tarehe 20 Septemba ikaizamisha manowari Pegasus iliyokuwa bandarini Unguja. Halafu mitambo yake ikaharibika, ikajificha ndani ya delta yetu. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Wakaziba njia, wakazunguka nje miezi kadhaa, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu ya uchache wa maji.

Hatimaye waliagiza meli mbili za ajabu, Severn na Mersey. Zilikuwa zimeundwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil, na Waingereza wakazinunua vita vilipoanza mwaka 1914. Zilikuwa bapa kama sinia na nzito kwenda, na katika bahari kuu ziliyumba hovyo. Ilibidi zikokotwe kwa kamba na meli nyingine kutoka Malta, kupitia Suez, mpaka Mafia, zikafika Juni 1915. Lakini hazikuhitaji hata mita 2 za maji, ilhali Königsberg ilihitaji zaidi ya mita 5. Na kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6, mikubwa kuliko wowote wa Königsberg.

Sasa sikiliza nilivyozithamini. Königsberg niliipa pointi 20. Severn na Mersey nilizipa pointi 3 kila moja, na watoto walipoziulizia niliwaambia, "Hizo ni za kujazia ubao." Nao wakaniamini. Aliyezinunua alizipeleka baharini kupambana na meli za mbio, zikazama zamu ya pili. Aliyeshindwa alisema kadi ni mbovu, nami nikakubaliana naye.

Wazo hilo la thamani nilipata wapi? Sehemu yake nililipata katika sinema ya mwaka 1976 iitwayo Shout at the Devil, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1968. Kisa hicho kimejengwa juu ya habari ya Königsberg, ingawa humo meli inaitwa Blücher. Ni sinema ya kufurahisha, sikatai. Ila mwisho wake meli ya Kijerumani inalipuliwa kwa bomu lililofichwa ndani na mashujaa wachache. Zile meli mbili bapa zilizofanya kazi hiyo kwa kweli hazionekani. Ninaelewa sababu. Nani atalipa kiingilio aangalie sinia la chuma likisubiri maji yajae? Mtunzi wa kisa huhitaji shujaa mmoja na mlipuko mmoja. Lakini mtu akitoka pale akabuni mchezo wa mbinu, kama nilivyofanya mimi, atakuwa amebeba macho ya mtunzi wa kisa mahali panapotaka macho ya nahodha.

Aliyenizindua ni mpwa wangu, kijana wa kule delta, anayebeba abiria na boriti kwa mashua ya mama yake. Darasa la saba alifeli. Alikuja Kibiti kuuza samaki, akatukuta barazani, akaamkia, akakaa pembeni akiangalia michezo miwili bila kusema neno. Kisha akasema:

"Mjomba, nipe hivi viwili."

"Hivyo vitakuangusha," nikamwambia.

"Vinataka maji kiasi gani?"

"Hata mita mbili havifikishi."

Akacheka. "Basi hii ni mitumbwi yenye mizinga."

Akanunua Severn na Mersey kwa pointi 6. Pointi zilizobaki hakununua manowari hata moja. Alinunua meli ya kukokota na ndege mbili. Nilimwonea huruma. Nikaweka Königsberg yangu katikati ya mto, karibu na Salale, nikangoja.

Alichokifanya nitakieleza kwa utaratibu, kwa sababu hapo ndipo ilipo mbinu ya kutumia meli hizi, na baadaye nilipoilinganisha na vita vya kweli nilikuta vinafanana sana.

Kwanza, hakuziruhusu zisafiri zenyewe baharini. Alizivuta kwa meli ya kukokota hadi mdomoni, kwa maana bahari kuu si maji yake. Pili, alingoja. Zamu mbili nzima alikaa nje bila kurusha dadu, mpaka maji yakaanza kujaa. Sisi tulimpigia kelele, yeye akasema huwezi kuingia mtoni wakati maji yanatoka, utakwama mbele ya adui. Tatu, alipofika kwenye masafa yake aliegesha kizibo juu ya rangi ya manjano, nyuma ya kona ya mikoko, mahali ambapo Königsberg yangu isingeweza kumfuata kwa namna yoyote.

Nne, na hili ndilo lililonishangaza, alipiga kwa meli moja tu. Nikamuuliza kwa nini asipige kwa zote mbili. Akajibu, "Zikipiga pamoja, huyu wa kwenye ndege atajuaje kombora hili la nani?" Hakuwahi kusoma kitabu chochote cha vita hivyo. Lakini tarehe 6 Julai 1915 Waingereza walifanya kosa hilohilo. Severn na Mersey zilipiga pamoja, makombora zaidi ya 600, na aliyekuwa angani akichunguza yanapoangukia akachanganyikiwa. Machache tu yalipata. Mersey ikapigwa, mzinga wake mmoja ukanyamaza, wakarudi nje. Tarehe 11 Julai walirudi na mpango mpya: moja ipige, nyingine ingoje zamu. Ndege yao ilipigwa siku hiyo, lakini waliokuwamo waliendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha huku wakishuka kuangukia mtoni. Königsberg iliwaka moto, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe na watu wake wenyewe.

Tano, alikubali kurudi nyuma. Kizibo chake kimoja kilipopigwa alikiondoa, akangoja maji mengine, akaja tena. Wachezaji wetu wengi huona aibu kurudi.

Na mimi je, mwenye meli ya pointi 20? Mizinga yangu ilikuwa 10, lakini upande mmoja wa meli hupiga mizinga 5 tu, na mtoni sikuwa na nafasi ya kugeuka. Kasi yangu ya noti zaidi ya 20 haikuwa na pa kukimbilia. Nilikuwa nimelipia vitu ambavyo delta haivitumii. Wacheza bao wanaijua hali hii: mtu anailinda nyumba yake yenye kete nyingi, anaogopa kuicheza, mpaka mwenzake anaiteka yote kwa mkono mmoja.

Hivyo kasoro ya mchezo wangu ni hii. Nilikuwa nimeandika thamani ya meli kwenye kadi, kana kwamba meli huzaliwa nayo. Severn baharini haifiki hata pointi 3. Severn ndani ya Kikunja, maji yakijaa, ndege ikiwa juu, inazidi 20. Thamani hiyo mchezaji huipata ubaoni, na kadi haina uwezo wa kuitaja kabla.

Nikiuhakiki mchezo kwa haki, lazima niseme pia kwamba ushindi wa meli bapa haukuwa kamili, na kadi zangu hazikuonyesha hilo. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 ya Königsberg majini, ikakokotwa nchi kavu na kupigana tena katika jeshi la Lettow-Vorbeck, ambaye aliweka silaha chini Novemba 1918. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Walioikokota ni Waafrika. Hata mitambo iliyoharibika, iliyosafirishwa mpaka Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa, ilipita mikononi mwao. Katika mchezo wangu hawakuwa na hata kizibo kimoja. Sasa wanacho, na mchezaji wa upande wa Königsberg hupata pointi kwa kila mzinga anaouokoa. Bila wao hapati chochote.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa kulificha, lakini ndilo lililonifanya niandike. Miezi michache kabla ya siku ile, dada yangu aliniomba ushauri: amlipie kijana huyu mafunzo ya ufundi wa mashine za boti, au amwache na mashua yake? Nikamwambia fedha hiyo itapotea bure. Nilikuwa nimetazama alama zake za darasa la saba, nikazijumlisha kama nilivyoijumlisha mizinga ya Königsberg, nikamwandikia pointi 3. Nimefundisha miaka 31. Sijui ni watoto wangapi wa delta niliowaambia wazazi wao kwamba hao ni wa kujazia darasa.

Jioni ile nilimpigia dada simu, nikamwomba alifute jibu langu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Usiniambie mimi kaka, mwambie mwenyewe." Kijana alikuwa bado barazani, akipanga vizibo upya kwa ajili ya watoto. Nilikaa upande wa pili wa ubao, nikamwambia. Hakujibu haraka. Alitazama kadi ya Severn mkononi mwake, akaomba kalamu, akaifuta ile 3 na kuacha nafasi wazi.

Ndivyo kadi zote zilivyo mpaka leo.