Jembe lina jina: Tuzisome upya picha za kilimo cha kale

Michoro ya karne ya 19 inayoonyesha maisha ya mashambani haijatupungukia. Tunaikuta katika vitabu vya historia, kwenye kalenda na hata kwenye kuta za mahoteli: mwanamke ameinama na jembe la mpini mfupi, mhunzi yuko kwenye mivukuto, nyumba za msonge ziko nyuma yao. Chini ya picha huandikwa maneno mawili matatu, mathalani "zana duni za kale". Basi, msomaji hufunga kitabu akiamini kwamba ameelezwa jambo. Hoja yangu ni kwamba picha hizi zina thamani kubwa, ila maelezo tunayozibandika yanapotosha kuliko picha zenyewe.

Kwanza tujue zilivyotengenezwa. Msafiri alichora kwa penseli huku Afrika. Akirudi Ulaya, mchoraji mwingine aliuchora upya ule mchoro, kisha fundi akauchonga kwenye kipande cha mbao ngumu ili upigwe chapa pamoja na maandishi. Kitabu cha safari cha John Hanning Speke, kilichotoka mwaka 1863, kilitegemea zaidi michoro ya mwenzake, James Grant. Lakini picha nyingi za humo zilipitia mikononi mwa Johann Baptist Zwecker, msanii Mjerumani aliyefanya kazi London. Grant aliyaona mashamba yenyewe. Aliyeyachora upya aliyaona kwenye karatasi. Umbo la chuma laweza kunusurika katika safari hiyo yote. Jina la kifaa halinusuriki kama hakuna aliyeliandika.

Tazama mfano mmoja. Katika shajara za mwisho za David Livingstone, zilizochapishwa London mwaka 1874 baada ya kifo chake, mna mchoro wa kijiti cha kuchimbia kilichotiwa jiwe la mviringo ili kiwe kizito. Mchoro ni mzuri, na mtu akiuangalia huelewa mara moja kwamba uzito wa jiwe unausaidia mkono kuizamisha ncha ardhini. Hiyo ni akili ya ufundi. Hata hivyo, maelezo yake yanataja kijiti na jiwe tu. Aliyekitumia aliitaje zana hiyo? Alichimba nini, na msimu gani?

Hapa ndipo lugha inapoweza kusema yale ambayo mchoro umeyanyamazia. Kiswahili kina neno muo, yaani mti uliochongwa ncha kwa ajili ya kuchimbia. Wakamba wana mũo. Wakikuyu wana mũro. Yaelekea maneno haya ni ndugu: ile sauti ya katikati imedondoka kwa Waswahili na Wakamba, ikabaki kwa Wakikuyu. Na jina halikuja peke yake. Kwa Wakikuyu, wanaume ndio walioivunja ardhi kwa mũro, wanawake wakafuata nyuma kulainisha udongo na kupanda. Kwa hiyo neno moja linabeba kifaa, mwenye kukishika na mpangilio wa kazi shambani. Ukiandika "kijiti" umeyatupa yote hayo.

Msomaji anaweza kudhani kamera ilikuja kutibu kasoro hii. Haikuitibu. Mwaka 1910, William Scoresby Routledge na mkewe Katherine walichapisha kitabu kikubwa kuhusu Wakikuyu, kimejaa picha za wahunzi, wafinyanzi na wakulima wakiwa kazini. Jina la kitabu? Eti wameishi na watu "wa kabla ya historia"! Watu waliosimama mbele ya kamera, wakalipa kodi ya nyumba kwa serikali ya kikoloni, wakaambiwa hawajaingia katika historia. Picha ilisema kweli, jalada likaikanusha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, A. C. Hollis alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu Wanandi. Naye alikuwa ofisa wa ukoloni, lakini aliziandika hadithi, methali na vitendawili kwa Kinandi chenyewe. Ndiyo maana kitabu chake bado kina manufaa kwa mwanafunzi wa lugha: kimewaacha wenyewe waseme.

Sisi wa Eldoret tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Joseph Thomson alipopita uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1883, vita vya Wamaasai vilikuwa vimewaondoa wakazi, naye akauandika kuwa mtupu. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu wa Jansen van Rensburg ukapanda kutoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mji ukaanza kwenye Shamba Nambari 64, ambalo wenyeji waliliita Sisibo. Tangu hapo, picha ya ng'ombe na plau imekuwa kama picha ya siku ya kwanza ya kilimo hapa.

Lakini yale mashimo ya Wasirikwa yaliyotapakaa uwandani ni alama za mazizi ya wafugaji wa zamani. Na ukiteremka bonde la Kerio utaikuta mifereji ya Wamarakwet, inayoshusha maji kutoka mtoni juu hadi mashambani bondeni. Ilijengwa kwa mawe, magogo, matawi na udongo. Hakuna chombo cha kumvutia mchonga picha pale. Kuna zamu za maji na makubaliano ya koo. Ikiwa kilimo ni zana inayoonekana tu, mifereji hii haihesabiki. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wa 1908 hakungoja kupewa: alikuja na plau yake, na ardhi akapewa na serikali.

Atakuja mtu aniambie, "Wee, ukweli ni kwamba plau inalima eneo kubwa kuliko jembe." Sibishi. Lakini "duni" ni hukumu, si maelezo. Kwenye mteremko wa Marakwet, plau inafaa nini? Na hapa kwetu penye matrekta, bado tunapalilia mahindi kwa jembe. Lugha yenyewe haikuitenga plau na jembe: tunaiita pia jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mzungumzaji wa Kiswahili aliona mwendelezo pale ambapo mwandishi wa maelezo ya picha aliona giza na nuru.

Basi anayeichapisha tena michoro hii aandike mambo manne: jina la kifaa kwa lugha ya wenyewe, nani alikitumia, kwa kazi gani, na nani aliichora picha, wapi na lini. Kwa Mnandi aandike mogombet, kwa Mjaluo kwer, kisha jembe kwa ajili yetu sote. Maneno hayo bado yamo vinywani mwa wazee. Mengine, kama muo, vijana wengi hawajawahi kuyasikia. Tukiendelea kuandika "zana duni", mjukuu ataiona picha ya babu yake akilima na hatajua alishika nini.