Macho ya Skauti wa Mawaridi

Kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, mpiga dawa huonekana toka mbali: barakoa, mavazi ya mpira, bomba mkononi. Skauti haonekani. Anapita taratibu kati ya matuta ya mawaridi, lenzi shingoni na karatasi mkononi. Anageuza jani, anatazama, anaandika, anasogea. Mgeni atadhani anazurura. Kumbe karatasi ile ndiyo itakayosema kama yule wa barakoa atatoka leo au atakaa, na huyu mwenye karatasi ndiye ninayemsifu.

Mtazame akisaka buibui wekundu. Hashughuliki na ua. Anashika jani la chini lililoanza kupauka na kuota vidoa vya njano, analipindua, anaweka lenzi ya kukuza mara 10 karibu kabisa na jicho, kisha anasogeza jani, si lenzi, mpaka picha itulie. Hapo anaona mayai ya mviringo yanayong'aa, magamba waliyojivua, nyuzi nyembamba za utando, na wenyewe, urefu wao kama nusu milimita, doa jeusi kila ubavu. Si wadudu hata. Wakikomaa wana miguu minane, na ni jamaa wa kupe. Joto likifika nyuzi 30, yai hugeuka mzazi kwa wiki moja hivi. Ndiyo maana skauti haruki wiki.

Kisha anakatiza mwingine: rangi ya chungwa, umbo la tone, mbio kuwashinda wote. Asiyejua angemwandika adui na kuagiza dawa. Skauti anafurahi. Huyu ni Phytoseiulus persimilis, mla-buibui, na wapo wakulima wa maua Kenya wanaomnunua na kumtawanya juu ya majani kwa makusudi. Ukimpiga dawa yeye, umewaandalia buibui karamu.

Kwangu mimi, heshima ya kazi hii iko hapo, katika kumjua wa kuachwa. Chukua pareto, zao la siku nyingi la Nakuru, kaunti ileile ya Naivasha, lililowahi kuifanya Kenya iongoze duniani. Dawa yake hutoka katika ua na huchakaa upesi juani, sifa njema zote mbili. Lakini haichagui: humwangusha kidukari pamoja na anayemla. Kuwa dawa ya asili hakuipi macho.

Macho hayo anayahitaji hata mwenye waridi moja uani. Vidukari hujazana kwenye tumba changa, wenye rangi ya kijani au ya waridi, wakifyonza. Majani yananata, ukungu mweusi unatanda juu yake, na sisimizi wanapanda na kushuka. Watu humlaumu sisimizi, naye ni mlinzi tu anayelipwa kwa utamu wanaoutoa vidukari. Maji ya mpira, yakipigwa kwa nguvu ya kiasi asubuhi, yatawaangusha wengi. Ila kwanza tafuta kidukari mmoja aliyevimba, rangi ya kaki, asiyesogea. Nyigu mdogo sana alitaga ndani yake, na buu limemla akabaki ganda. Ukiona tundu la duara mgongoni, nyigu mpya ameshatoka kutafuta wengine. Penye maganda mengi ya namna hiyo, dawa ibaki kabatini.

Na majani yaliyokatwa ukingoni vipande vya mduara, safi kama vya mkasi? Huyo ni nyuki anayejengea kiota. Waridi halifi kwa hilo. Mwache.

Thripsi ndio wenye hila. Hujibana ndani ya petali, mahali dawa haifiki vizuri, na kingo za ua, hasa jeupe au la njano, zinaungua kahawia. Kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe utawaona: vijiti vyembamba vinavyotembea. Ua kama hilo likate, ulifunge ndani ya mfuko, usilitupe chini ya shina, kwa kuwa wengi wao hukamilishia ukuaji wao udongoni.

Naivasha, jicho likipitiwa kuna gharama. Tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya umekaza masharti ya mawaridi kwa sababu ya kiwavi wa nondo aitwaye Thaumatotibia leucotreta, anayetoboa tumba na kuishi ndani. Wakaguzi wa KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, huangalia maua kabla hayajasafirishwa, lakini wakati tumba lingali kwenye shina, kinga ni yule mtu wa lenzi, akipita safu hadi safu ndani ya joto la kitalu.

Basi wenye mashamba, mnapotafuta pa kubana matumizi, msianzie kwa skauti. Na wewe wa waridi moja uani, kabla hujaenda duka la pembejeo kuulizia dawa, tafuta lenzi, upindue majani ya chini kwanza.