Sheria, Ardhi na Sauti ya Shahidi katika Nathari ya Raja Shehadeh

UTANGULIZI

Uhakiki wa fasihi ya Kipalestina umezoea kuipima fasihi hiyo kwa kipimo kimoja, yaani ukinzani. Ghassan Kanafani aliitumia istilahi "fasihi ya ukinzani" katika utafiti wake wa 1966, na tangu hapo wahakiki wengi wameifuata wanapoujadili ushairi wa Mahmoud Darwish au riwaya za Kanafani mwenyewe. Kipimo hicho kina manufaa yake. Hata hivyo, hakimtoshi mwandishi aliyeingia katika uwanja wa maandishi kwa mlango wa mahakama, akiwa na vifungu vya sheria mkononi.

Raja Shehadeh ni mwandishi wa aina hiyo. Alizaliwa Ramallah mwaka 1951 katika familia ya mawakili iliyoupoteza mji wake wa Jaffa mwaka 1948, akasomea sheria London, kisha akarejea kufanya kazi katika Ukingo wa Magharibi uliokuwa umetwaliwa na jeshi la Israeli mwaka 1967. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Al-Haq, shirika la kutetea haki za binadamu. Maandishi yake ya awali, kama vile Occupier's Law (1985), ni tasnifu za kisheria. Kazi iliyomjengea jina katika fasihi ni Palestinian Walks (2007), masimulizi ya matembezi vilimani yaliyotuzwa Tuzo ya Orwell mwaka 2008.

Baadhi ya wasomaji huona katika safari hii ya kiutanzu dalili ya kukata tamaa: wakili ameshindwa mahakamani, akajiliwaza kwa nathari. Makala hii inapinga usomaji huo. Inadai kwamba matembezi ni mwendelezo wa kesi ile ile mbele ya hadhira nyingine, na kwamba msomaji asiyeifahamu sheria inayojadiliwa hataweza kuifahamu fani ya mwandishi.

SHERIA KAMA MATINI

Sheria ya kimataifa kuhusu ardhi inayokaliwa kijeshi haina utata mwingi katika misingi yake. Kifungu cha 43 cha Kanuni za The Hague za 1907 kinalitaka jeshi linalokalia nchi liziheshimu sheria zilizokuwapo, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa kufanya hivyo. Kifungu cha 49 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kinakataza dola inayokalia nchi kuhamishia raia wake humo. Kwa mujibu wa sheria hizi, jeshi ni mwangalizi wa muda, na haliwi mwenye mali.

Jambo linalostahili kumvutia mhakiki ni namna matini hizi zilivyoshughulikiwa. Tangazo la Kijeshi Namba 3 la Juni 1967 lilikuwa na kifungu cha 35 kilichozitaka mahakama za kijeshi zifuate Mkataba wa Nne wa Geneva. Mnamo Oktoba mwaka huo huo kifungu hicho kilifutwa. Serikali ya Israeli ikashikilia kwamba mkataba huo hauyahusu maeneo yale kisheria, kwa hoja kwamba utawala uliotangulia, yaani wa Jordan, haukuwa na mamlaka halali juu yake. Mwisho wa mwaka 1967 jina rasmi la Ukingo wa Magharibi katika nyaraka za utawala huo likawa Yudea na Samaria. Hivyo, katika muda wa miezi michache, kifungu kilifutwa na mahali pakapewa jina jingine.

Shehadeh alianza kazi yake akiwa msomaji wa matini za namna hii. Kitabu The West Bank and the Rule of Law (1980), alichokiandika pamoja na Jonathan Kuttab, kilizichambua amri za kijeshi ambazo mwananchi wa kawaida alihukumiwa kwazo bila kuweza kuzipata kwa urahisi. Si ajabu basi kwamba nathari yake ya baadaye ina jicho kali kwa majina, ramani na mipaka. Ni jicho la mtu aliyejifunza kwamba neno moja katika waraka linaweza kuchukua kilima kizima.

ARDHI MFU NA ARDHI ILIYO HAI

Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Israeli, katika kesi ya Elon Moreh, iliamuru makazi ya walowezi yaondolewe kwenye ardhi binafsi ya Wapalestina karibu na Nablus, kwa kuwa hoja ya mahitaji ya kijeshi haikuthibitika. Ushindi huo ulizaa mbinu mpya. Badala ya kutwaa ardhi binafsi kwa amri ya kijeshi, utawala uliigeukia Sheria ya Ardhi ya Waturuki wa Uthmaniya ya 1858 na kutangaza maeneo mapana kuwa ardhi ya dola. Sheria hiyo ilitambua, miongoni mwa aina nyingine, ardhi ya miri, ambayo mkulima angeweza kupoteza haki yake asipoilima kwa miaka mitatu, na ardhi ya mawat, neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua kwa udugu wake na "mauti". Ardhi mfu ilikuwa ile iliyo mbali na makao ya watu kiasi kwamba sauti ya mtu anayepaza kelele kutoka kijijini haifiki.

Msomaji wa Kenya hatahitaji kufafanuliwa sana mantiki hii. Kwa sheria za Ardhi za Taji za 1902 na 1915, ardhi iliyohesabiwa kuwa tupu, na hatimaye hata ile iliyokaliwa na Waafrika, iliingizwa katika milki ya mfalme wa mbali. Ulinganisho huu hauzifanyi historia mbili kuwa moja. Unaonyesha tu kwamba utupu wa ardhi mara nyingi hutangulia kuandikwa ofisini kabla ya kuonekana shambani.

Ni katika muktadha huu ambapo sura ya kwanza ya Palestinian Walks hupata uzito wake. Msimulizi anatoka kwa sarha, neno la Kiarabu linalotokana na kuwaachia mifugo asubuhi waende malishoni wapendako. Katika kutembea huko anakifikia kibanda cha mawe kilichojengwa na Abu Ameen, binamu ya babu yake, aliyekuwa mwashi. Kibanda hicho huitwa qasr, neno lile lile linaloitwa "kasri" kwa Kiswahili, ingawa hapa ni makao ya mkulima wakati wa msimu wa kazi. Karibu nacho kuna kiti kilichochongwa katika jiwe, na msimulizi anakikalia.

Msomaji wa haraka ataiona taswira hii kuwa ya kimapenzi na ya kutamani yaliyopita. Lakini wakili anayesimulia anajua kwamba matuta, kuta na kibanda ndivyo vitu ambavyo mkulima asiye na hati huvitegemea mahakamani kuthibitisha kwamba ardhi ililimwa. Maelezo ya mandhari hapa ni orodha ya vielelezo. Utaratibu wa nathari, wa kutaja bonde baada ya bonde na jiwe baada ya jiwe, ni utaratibu wa shahidi anayeulizwa: uliona nini, wapi, lini? Na kwa kuwa sheria ile ya 1858 iliupima uhai wa ardhi kwa sauti, msimulizi anayekwenda vilimani na kuvisimulia anaifikisha sauti pale ambapo waraka umedai kwamba haifiki.

UDHAIFU WA SAUTI MOJA

Hata hivyo, ushuhuda huu una mapungufu yake. Msimulizi ni msomi wa mjini, na vilima anavijua kwa miguu ya mtembezi. Wanavijiji wanaovilima wanakumbukwa zaidi kuliko wanavyosikika. Abu Ameen mwenyewe anatufikia kupitia kumbukumbu za jamaa. Tofauti inaonekana mara moja anaposomwa kando ya Sahar Khalifeh, ambaye riwaya yake Al-Subbar (1976) inawapa nafasi vibarua wa Nablus wanaovuka kwenda kufanya kazi Israeli, wakibishana kwa lugha yao ya kila siku kuhusu mkate na heshima. Kwa Khalifeh, haki inazungumzwa na watu wengi wasiokubaliana, ilhali kwa Shehadeh inapita katika koo moja iliyosomea sheria.

Sura inayomkutanisha msimulizi na mlowezi kijana kando ya kijito imezua mjadala zaidi. Wawili hao wanabishana kuhusu ardhi, kisha wanavuta kiko kimoja cha maji. Kuna hatari ya kuisoma sura hii kama suluhu. Mwandishi mwenyewe ameweka kinga kwa kuiita sarha ya kufikirika. Aidha, muktadha wa kisheria unakataa usawa huo wa muda: kwenye kilima kile kile, mlowezi akishtakiwa hufikishwa mbele ya mahakama za kiraia za Israeli, na Mpalestina mbele ya mahakama ya kijeshi. Moshi wanaoushiriki hauondoi ukuta huo, na nathari haidai kwamba unauondoa. Udhaifu wa sura upo kwingine: inamwachia msimulizi hoja zote nzuri, na mlowezi anabaki karibu na kielelezo kuliko mhusika kamili.

HITIMISHO

Mnamo Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kwamba ujenzi wa ukuta ndani ya ardhi inayokaliwa unakiuka sheria ya kimataifa. Mnamo Julai 2024 ilikwenda mbali zaidi, ikasema kwamba kuendelea kuwapo kwa Israeli katika ardhi hizo ni kinyume cha sheria na kunapaswa kukomeshwa haraka iwezekanavyo. Hoja ambazo mawakili wachache wa Ramallah walizianza katika miaka ya 1970 na 1980 zimethibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya mataifa, ingawa Al-Haq yenyewe ilitangazwa na Israeli kuwa shirika la kigaidi mnamo Oktoba 2021. Vilima, kwa upande wao, vimeendelea kujengwa makazi ya walowezi.

Hapo ndipo thamani ya Shehadeh inapoonekana. Maandishi yake hayaungi mkono imani kwamba sheria itajitekeleza yenyewe, wala dhana kwamba sheria ni maneno matupu. Kilichoshindwa ni utekelezaji. Matini ya haki bado ipo, nayo inahitaji mashahidi waliofika mahali penyewe na wanaoweza kupataja kwa majina yake. Uhakiki unaoitafuta fasihi ya Kipalestina katika kaulimbiu za ukinzani pekee utaipita kazi ya namna hii bila kuiona. Mhakiki wa Afrika Mashariki, ambaye fasihi yake pia imejaa migogoro ya hati na mashamba, ana sababu ya kuisoma kwa makini: kuuliza nani aliandika kwamba ardhi ni tupu, kwa sheria ya nani, na ni sauti gani zilizokuwapo wakati huo ambazo hazikuandikwa.