Toni Moja, Maana Nyingi: Neno Linalotutatiza Darasani

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtihani wa fasihi, tuliwapa wanafunzi wetu wa hapa Rusizi shairi la beti nne, tukawataka waeleze toni yake. Mwanafunzi mmoja alijibu kwamba toni ya shairi hilo huanza juu, hushuka katikati ya mshororo, na hutua chini kabisa kwenye kibwagizo. Tulimpa sufuri. Jibu tulilolingoja lilikuwa “huzuni”. Alipotujia na karatasi yake kuuliza kosa lake, tulimjibu kwa ukali. Usiku wake tulipofungua daftari la masomo ndipo tulipoona kwamba tumemwadhibu kwa kosa letu wenyewe: juma moja kabla ya mtihani, katika kipindi cha sarufi, ni sisi tuliomfundisha kwamba toni ni kupanda na kushuka kwa sauti.

Kosa hilo ndilo lililotusukuma kulihakiki neno lenyewe. Asili yake ni Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni kuvuta au kukaza, kama uzi wa ala unavyokazwa. Mpiga inanga anaijua siri hiyo bila kufundishwa Kiyunani: uzi ukikazwa sauti hupanda, ukilegezwa hushuka. Kutoka kwenye uzi neno likaenda kwa waimbaji, kwa wachoraji, kwa wataalamu wa lugha, na hatimaye kwa wahakiki. Kila mmoja amelipa kazi yake, na sisi walimu tumezipokea kazi zote kwa pamoja bila kuzichambua.

Tuanze na muziki. Kwa mwalimu wa kwaya, toni ni kipimo: kutoka do hadi re ni toni nzima, na kutoka mi hadi fa ni nusu toni. Hapo neno lina mpaka ulio wazi, na halina mbadala mwepesi. Lakini mtu anaposema “toni ya wimbo huu ni tamu”, anachokusudia ni mahadhi au lahani, na maneno hayo tunayo tangu zamani.

Katika rangi, mchoraji huita toni kiwango cha weusi au weupe uliomo ndani ya rangi moja. Atazamaye mashamba ya chai ya Shagasha huona kijani kimoja tu kwa mbali. Akisogea ataona jani changa lililo hafifu na jani kuukuu lililokoza. Kiswahili hakikukosa maneno hapa pia. Twasema rangi imekoza, imeiva, imepauka, imefifia. Na wekundu mzito uelekeao weusi tunauita damu ya mzee. Ni nani atakayedai kwamba lugha yenye msemo huo ni maskini wa toni za rangi?

Lugha ndiyo penye mtego. Kinyarwanda ni lugha ya toni kwa maana kamili ya kiisimu: neno inda likitamkwa kwa namna moja ni tumbo, na kwa namna nyingine ni chawa, wala hati ya kawaida haionyeshi tofauti hiyo. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, kimeipoteza toni ya namna hiyo. Kinachobaki ni mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mara chache mkazo ukihama maana nayo huhama: barabara ya magari si barabara ya “sawasawa”, na walakini ya “lakini” si walakini ya “kasoro”. Zaidi ya hapo tunacho kiimbo, ambacho peke yake huigeuza “Umekula” kuwa swali. Na mfanyabiashara avukaye mto Ruzizi kutoka Bukavu tukisema “ana toni ya Kikongo”, tumekosea tena. Alicho nacho ni lafudhi.

Maana ya mwisho ni ile ya wahakiki: msimamo wa mwandishi kwa jambo analolisimulia, jinsi unavyojitokeza katika uteuzi wa maneno. Mfano bora tunao nyumbani. Padre Alexis Kagame (1912–1981), katika Indyohesha-birayi iliyotoka mwaka 1949, alimsifu nguruwe kwa lugha ya fahari iliyozoeleka katika sifa za ng'ombe. Kicheko cha msomaji hutokana na umbali uliopo kati ya utukufu wa lugha na unyonge wa mnyama yule. Hakuna kidatu hapo wala mkazo. Ni dhihaka ya bingwa anayeijua vema heshima anayoichezea.

Wako wenzetu watakaosema kwamba muktadha hutosha kulifafanua neno. Kwa mjuzi, naam. Lakini tangu mwaka 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda, mwanafunzi wetu anaishi katika nchi yenye lugha rasmi nne: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Akikutana na “tone” katika kitabu cha Kiingereza, jicho lake la Kiswahili laweza kusoma tone la maji. Mtu wa namna hiyo yafaa apewe neno moja kwa jambo moja.

Kwa hiyo twapendekeza: toni ibaki kwa muziki na kwa lugha kama Kinyarwanda, mkazo na kiimbo vitumike kwa matamshi ya Kiswahili, kukoza na kupauka kwa rangi, na katika fasihi tuulize waziwazi, “Mwandishi ana msimamo gani, na maneno gani yanauonyesha?”

Hata hivyo tusikate mizizi inayounganisha maana hizi. Tulipoisoma upya karatasi ile, tuliona kwamba mwanafunzi wetu hakuwa mbali na jibu. Sikio lake, lililolelewa katika lugha ya toni, lilikuwa limesikia sauti ikishuka pale pale huzuni ya mshairi ilipokuwa ikizama. Alichokosa ni swali moja la kumvusha: kushuka huko kunatuambia nini? Swali hilo halikuwa juu yake kuliuliza. Lilikuwa juu yetu. Tulimwita, tukamwuliza, akajibu kwa sentensi mbili zilizo sahihi kuliko jibu tulilokuwa tumeliandika katika mwongozo wetu wa kusahihishia. Alama zake tulimrudishia, na mwongozo tukauandika upya.